Uungwana wa Mjini: Kanzu, Kahawa na Baraza

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wazee, waalimu na vijana wa kwao, alipokuwa likizoni.)



 Mimi ni karani tu, mtu wa kalamu na madaftari, wala si msemaji. Lakini Mwalimu Mkuu aliponiuliza nitasema nini, nalikumbuka jambo moja ambalo vijana huniuliza kila nijapo likizo. Huniambia: "Bwana Karani, mtu wa mjini huvaaje? Na jioni hufanya nini?" Hawaniulizi habari za kazi, wala kodi ya chumba, wala bei ya unga. Wauliza habari za nguo na starehe. Zamani nalikuwa nikiwakemea. Sasa naona afadhali niwajibu, maana swali lenyewe si la kipuuzi kama lionekanavyo.

Mji nitakaowaeleza ni mji wa Unguja, hasa ile sehemu iitwayo Mji Mkongwe, ambako nimekaa kwa kazi muda wa miaka tisa. Huko pikipiki hupita, simu za mkononi hulia, na watalii hujaa njiani. Hata hivyo desturi za waungwana wa kale hazijafa. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni husifu milango yake na kuta zake. Mimi nataka kuwaeleza watu wake wakaao nje ya milango hiyo.

Basi tuanze na mavazi. Mtazameni mzee wa Unguja atokapo nyumbani jioni, jua likiisha kupunguza ukali. Amevaa kanzu nyeupe ya bafta iliyopigwa pasi, na ndani yake kikoi. Akiwa na shughuli, huvaa koti juu ya kanzu. Kichwani ana kofia ya viua, miguuni makubadhi, mkononi bakora. Nguo zake zimefukizwa udi, nawe wasikia harufu yake baada ya yeye kupita, wala si kabla hajafika. Kofia ile hushonwa kwa mkono, kitundu baada ya kitundu, na kazi yake huchukua wiki nyingi. Washonaji wengi ni wanawake, ambao hushona nyumbani kazi nyingine zikiisha. Kwa hiyo avaaye kofia njema amebeba kichwani saburi ya mtu mwingine, na yafaa akumbuke. Ikichafuka haitupwi: hufuliwa, hutiwa wanga, huvikwa juu ya kitu cha mviringo ikauke bila kupoteza umbo lake. Mzee mmoja huweza kuwa na kanzu tatu tu, nawe usijue, kwa sababu zote ni safi.

Tena haendi mbio. Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba sana. Pengine watu wawili hawawezi kupishana ila mmoja akae kando. Mzee hukaa kando kumpisha mama mwenye mzigo, humpisha mtoto, humwamkia kila akutanaye naye. Mwendo wa dakika tano humchukua nusu saa, naye haoni kwamba amepoteza kitu.

Mimi nalipofika mjini sikuyaona hayo. Nalikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nimetoka shule ya misheni na cheti changu mkononi, nami nalidhani ya kuwa uungwana hukaa ndani ya suti. Nalikwenda kwa fundi, nikaagiza suti ya vipande vitatu, shati mbili, tai, na viatu vya ngozi, vyote kwa mkopo wa miezi minane. Siku ya kwanza nilipovaa, nalipita katikati ya mtaa kichwa juu. Wazee walikuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa. Sikuwaamkia. Naliwahesabu kuwa watu waliopitwa na wakati.

Lakini mshahara wa karani mgeni mwaujua. Kila mwisho wa mwezi nalimlipa fundi, nikabaki na fedha ya chakula tu. Simu za nyumbani nalizijibu kwa maneno matamu yasiyo na kitu ndani. Mwezi niliposhindwa kulipa, nalipita njia ya nyuma ili fundi asinione. Fikirini, ndugu zangu: mtu amevaa suti ya kibwana, naye anajificha nyuma ya kuta kama mwizi wa kuku! Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Wala msidhani kosa hili ni la vijana wa Kiafrika peke yao. Suti tuvaayo asili yake ni Ulaya, na huko Ulaya nako liko fundisho. Katika mji wa London palikuwa na bwana mmoja, George Brummell, aliyezaliwa mwaka 1778. Huyo hakuwa mtoto wa lodi, lakini alijua kuvaa kuliko malodi. Aliacha mapambo mengi, akavaa koti la rangi ya utulivu lililokatwa sawasawa na mwili, na kitambaa cheupe safi shingoni. Akawa rafiki wa mwana wa mfalme, yule aliyetawala baadaye kwa jina la George wa Nne, na mabwana wa mji wakamwiga. Lakini alicheza kamari na kukopa kupita uwezo wake. Mwaka 1816 alikimbilia Ufaransa kuwaepuka wadai wake, na mwaka 1840 alikufa katika mji wa Caen, maskini, akili zimemtoka. Mtu aliyewafundisha wakubwa namna ya kuvaa hakujua namna ya kulipa.

Sasa nije kwenye starehe. Ninyi Machifu mwajua neno baraza: ni mahali pa shauri na hukumu. Unguja lina maana nyingine pia. Ni kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande huu na upande huu wa mlango, nje kabisa, njiani. Mwenye nyumba hupokea wageni wake hapo bila kuwasumbua watu wa ndani. Mvua kubwa ikijaza maji njiani, watu hupita juu yake wasilowe. Baraza ni mali ya mwenye nyumba, lakini apitaye na kuchoka huketi, wala hakuna amwulizaye, "Wewe ni nani?"

Jioni mwuza kahawa huja na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi ili watu wajue amefika. Kikombe ni kidogo, hakina mkono, na kahawa ni chungu. Huliwa kashata pamoja nayo kupunguza uchungu. Kwa kuwa ni ya moto, huwezi kuinywa mbio. Hiyo ndiyo faida yake: hukulazimisha kukaa, na ukikaa hapana budi usikilize. Habari za msiba, za ndoa, za bei sokoni, za kazi inayotafutiwa mtu, zote hupita hapo. Pana njia panda iitwayo Jaws Corner, kwa jina la sinema ya Marekani ya mwaka 1975 yenye habari za papa. Hapo watu hunywa kahawa, hucheza dhumna na kubishana habari za siasa na mpira hata usiku. Wengine huenda kutembea bustani ya Forodhani kupunga upepo wa bahari, bustani iliyotengenezwa na kufunguliwa upya mwaka 2009.

Na liko bao. Vijana wengine hulicheka kuwa mchezo wa wazee wasio na kazi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi. Mchezaji hodari huzihesabu kete za pande zote mbili kichwani kabla hajainua mkono. Nimewaona wazee wasiojua kusoma wakihesabu mizunguko ambayo mimi, karani, nisingaliweza bila kalamu na karatasi. Na ashindwaye hanuni. Humpisha mwingine, akaagiza kahawa.

Nirudi sasa kwenye habari yangu, maana ndiyo iliyonileta hapa. Katika mwaka wangu wa pili, usiku mmoja, dada yangu alinipigia simu kunijulisha kwamba baba yetu ni mgonjwa sana, nami nije upesi. Wengi wenu mwakumbuka ugonjwa ule. Mfukoni sikuwa na nauli ya meli, sembuse ya basi. Kazini nilikuwa nimekwisha kuchukua malipo kabla ya wakati wake. Nalitoka nje nikasimama njiani, simu mkononi, suti mwilini, nisijue pa kwenda.

Mzee mmoja aliyekuwa barazani aliniita. "Mwanangu, njoo. Mbona umesimama kama mtu aliyepotelewa na njia?"

Nalimwamkia kwa aibu, "Shikamoo, mzee." Ilikuwa mara ya kwanza, nami nalikuwa nimempita kila siku kwa mwaka mzima.

"Marahaba. Una nini?"

Nalimweleza. Hakunilaumu, wala hakuniuliza fedha za mshahara zimekwenda wapi, ingawa suti yangu ilikuwa ikimjibu. Aliivua kofia yake, akaigeuza juu chini, akatia noti ndani, akampa aliyekaa karibu naye. Kofia ikapita mkono kwa mkono. Watu niliodhani wamepitwa na wakati walitia walichokuwa nacho. Mwuza kahawa naye alitia sarafu zake za jioni ile. Iliporudi, mzee alinimiminia fedha zote mkononi bila kuzihesabu. Baadaye naliambiwa sababu: kumhesabia mtu msaada mbele ya watu ni kumvua nguo.

Nalifika hapa nikamkuta baba yangu yu hai. Nalikaa naye siku nne, akanibariki, akafariki mkono wake u mkononi mwangu. Siku nne hizo sikununuliwa na suti. Nalinunuliwa na kofia ya mzee nisiyemjua.

Nalirudi mjini. Mwisho wa mwezi nalitia fedha katika bahasha, nikampelekea. Alikataa kuipokea. "Sikukukopesha," alisema. "Kaa. Kahawa inapoa." Basi nalikaa, na nimekuwa nikikaa tangu siku hiyo.

Baada ya miezi mingi alinieleza jambo ambalo si la kusemwa ovyo huko Unguja, nami nalisema kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina. Babu yake alikuwa mtumwa. Waalimu wajua tarehe: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale Mkunazini pamesimama kanisa kuu ambalo ujenzi wake ulianza mwaka ule ule. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya Unguja na Pemba ilikuja mwaka 1897, na ya Tanganyika mwaka 1922. Siku za utumwa, kofia na viatu vilikuwa alama ya mtu huru. Mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu. Hata neno lenyewe, muungwana, maana yake ya kwanza ni mtu asiye mtumwa. Basi sheria ilipotoka, wengi waliokuwa watumwa walijinunulia kanzu na kofia, na mabwana wa zamani wakaona vigumu kujua kwa macho nani ni nani. Babu wa mzee huyu, fedha yake ya kwanza ya ujira aliinunulia kofia, akaenda akaketi barazani mchana kweupe.

Tena mnaye Siti binti Saad, mzawa wa kijiji cha Fumba, mtoto wa ukoo wa utumwa, ambaye aliuza vyungu kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na mabwana wa mji walikwenda nyumbani kwake kumsikiliza. Sheikh Shaaban Robert, ambaye naye alikuwa karani wa serikali kama mimi, aliandika habari za maisha yake. Huyo mama hakuomba nafasi ya kukaa na wakubwa. Aliwafanya wakubwa wamwombe yeye nafasi.

Ndipo nalipofahamu, ndugu zangu. Mavazi si jambo dogo. Watu waliyataabikia kwa sababu walikuwa wamenyimwa, na mtu asiwacheke vijana kwa kutaka kupendeza. Lakini tazameni alivyofanya yule mzee: kofia ambayo babu yake alikatazwa kuivaa, yeye aliivua kwa hiari yake, akaifanya chombo cha kumsitiri mgeni asiyemwamkia. Huyo ndiye mtu huru. Na mimi katika suti yangu nalikuwa mtumwa wa fundi.

Najua yako maneno mtakayoniuliza. Wa kwanza atasema: "Bwana Karani, kukaa barazani ni uvivu." Namjibu kwamba wale wazee wamefanya kazi tangu alfajiri, na wengine bado hufanya. Akaaye barazani asubuhi wakati wa jembe ni mvivu kweli; akaaye jioni baada ya kazi anapumzika. Wa pili atasema: "Barazani pana umbea." Ni kweli, upo. Nimesikia wazee wakimwambia msengenyaji, "Habari hiyo mpelekee mwenyewe," akanyamaza. Umbea huondolewa na wakaao, si kwa kuvunja kiti.

Wa tatu ni mama zetu, nao hawasemi kwa sauti, lakini nawasikia. Wauliza: "Na sisi tunapumzika lini?" Hilo ni swali la haki, wala sina jibu la kuwaridhisha. Mwanamume anayekaa kwenye kahawa hata usiku wa manane, na mkewe bado anachota maji, huyo hajawa muungwana hata akivaa kofia saba. Kofia yenyewe ilishonwa na mwanamke.

Sasa nina maneno machache kwa kila mmoja.

Kwenu ninyi vijana: mkienda mjini, nunueni nguo moja njema, mlipe papo hapo, mwitunze. Ifueni, ipigeni pasi, itieni viraka ikichanika. Kiraka kilichoshonwa vizuri hakimwaibishi mtu. Deni ndilo liaibishalo. Na siku ya kwanza mjini, kabla hamjatafuta duka, waamkieni wazee wa mtaa mnaokaa. Msingoje mpaka msiba uwafundishe, kama nilivyongoja mimi.

Kwenu Waalimu: wafundisheni watoto bao. Ni hesabu isiyohitaji ubao wala chaki, na yamfundisha mtoto kushindwa bila kununa. Wafundisheni pia ya kuwa salamu si maneno ya kupoteza wakati.

Kwenu Machifu na Wazee: naomba kila kijiji kiwe na mahali pa kukaa jioni, hata kama ni gogo moja chini ya mwembe, ambapo mtu aweza kuketi bila kuulizwa ana kesi gani. Vijana wetu hukimbilia mjini, na wengine husema kwamba huku nyumbani hakuna pa kukaa na mkubwa ila siku ya kushtakiwa. Waiteni, waketini nao, msikilize na upumbavu wao. Utapungua.

Huko Unguja, mbele ya bustani ya Forodhani, liko jumba kubwa liitwalo Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883. Lilisifiwa na watu wa mataifa mengi. Mwezi wa Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka. Nyumba ya mawe na chokaa haisimami kwa sifa. Husimama kwa kutazamwa kila mwaka, ufa huu ukazibwa, boriti ile ikabadilishwa. Na uungwana hali kadhalika. Ukiachwa bila kutumiwa, hubaki jina tu.

Wazee wetu husema: muungwana akivuliwa nguo, huchutama. Mimi nalivuliwa na deni, nikachutama njiani usiku, na watu nisiowaamkia wakanisitiri. Suti ile ninayo hata leo. Imelipwa yote, nami ndiyo niliyoivaa mbele yenu jioni hii. Lakini nikirudi Unguja nitaiweka kando, nitavaa kikoi changu na kanzu, nitakwenda barazani, nami nitamwambia mzee kwamba salamu zake nimewafikishia.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo.